Uzi Uliofika Mbichi

“Umewasha, Dobi, usinifanye mtoto. Mvuke wako nimeuona kwa macho yangu ukitambaa hapo dirishani.”

Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwa Dobi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika karatasi ya foili yenye utando mweupe uliojaa madoa. Alikuwa anaipeperusha kama askari aliyemkamata mwizi na mali mkononi. Dobi naye kifua wazi, pasi ya makaa imepoa kama jiwe, anaapa kwa mbingu na ardhi kwamba tangu jana hajagusa kiberiti. Mashati ya watu yamelala mabichi kwenye beseni, akasema, wateja wanampigia simu za matusi, na yote hayo kwa heshima ya mpwa wa mama mwenye nyumba huyu huyu. Halafu leo aitwe mwongo mlangoni kwake?

“Shati bichi halijawahi kumhamisha mtu mji,” Mama Mdogo akamjibu. “Huo mvuke wako unaweza.”

Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, pini mdomoni. Fundi mwenye pini mdomoni watu humsahau, na ndiyo raha ya kazi hii. Nyumba yetu ni vyumba vinavyotazamana, ua katikati, bomba moja la maji, na baraza langu limekaa mahali ambapo hakuna mlango unaofunguliwa nisiuone. Ugomvi ule niliudaka tangu neno la kwanza, na nikajua papo hapo kwamba haukuwa wa mvuke tu.

Maana leo ndiyo ilikuwa siku ya Sista. Mchana ule, akitoka zamu yake, sista mkuu wa wodi ya majeraha ya moto angekuja kuutazama utando anaoutengeneza Binti Uzi kwenye chumba cha nyuma. Akiukubali, wodi ingeanza kuupima, na Binti angebaki nasi aendelee na kazi. Akiukataa, mashine inavunjwavunjwa, na Binti anarudi kufundisha chuoni kwao, safari ya mchana na usiku kutoka hapa. Binti ni mtoto wa dada yake Mama Mdogo. Mama Mdogo hakubahatika mtoto wake mwenyewe, na tangu huyu ahamie, sauti ya yule mama imenenepa. Sisi sote tunamwita Mama Mdogo kwa sababu Binti anamwita hivyo. Hata Dobi, ambaye ukiwaweka pamoja hujui nani kamzidi nani umri.

Kwa wasioijua kazi ya Binti, niieleze nilivyoiona, kwa sababu nimeiona sana. Mimi riziki yangu ni uzi, na siwezi kupita penye uzi nikageuza uso.

Ndani ya sanduku kubwa la plastiki linaloonyesha ndani, kuna bomba la sindano kama la hospitali. Limejazwa uji mzito, mweupe kidogo, ambao yeye anauita polima: plastiki laini ambayo mwili hauikatai, imeyeyushwa kwenye maji makali yale yale ya kufutia rangi ya kucha. Ndiyo harufu aliyokuwa akiilalamikia Dobi kwamba inaingia kwenye mashati. Nje ya sanduku kuna pampu ndogo inayosukuma bomba pole pole, pole pole hasa, hata ukikodoa macho huoni inavyosogea. Kwenye ncha ya sindano kumefungwa waya wa umeme mkali. Mbele yake, mwendo wa mkono mmoja hivi, kuna bamba la chuma lililovikwa foili ya jikoni.

Tone linajitokeza kwenye ncha. Umeme unalivuta mpaka linachongoka kama mdomo wa birika, kisha pale kwenye ncha ya mchongoko unachomoka uzi. Si uzi wangu mimi huu. Uzi mwembamba hata jicho linauona kwa kubahatisha, kama mwanga umepata mkwaruzo. Unakwenda moja kwa moja kidogo, halafu unachanganyikiwa, unajizungusha na kujipiga mijeledi hewani, na humo humo kwenye kucheza unakauka na kuzidi kuwa mwembamba, mpaka unatua kwenye foili. Unatua juu ya mwenzake, na mwenzake, na baada ya asubuhi nzima una utando mweupe kama ule wa juu ya maziwa yaliyochemshwa, lakini unaobanduka ukashikika, ukapitisha hewa, ukaziba vijidudu. Mara ya kwanza nilipouona nilizima cherehani yangu kwa adabu.

Sasa, uzi ule una madeko kuliko bibi harusi. Uji ukiwa mwepesi, unasusa. Umeme ukizidi, unasusa. Bamba likisogea, hewa ikiwa na unyevu, unasusa. Na hewa yenye unyevu ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye masufuria ya Dobi. Ndiyo maana juzi jioni, baada ya majadiliano yaliyokaribia kuhitaji mwamuzi, Dobi alikubali kuacha kuchemsha mpaka Sista aje na aondoke.

Asubuhi hiyo Binti aliiwasha mashine akiwa na furaha, kila kitu kimetulia. Alitoka mara moja kwenda dukani kununua foili nyingine. Aliporudi na kufungua kifuniko, umeme ukakatika wenyewe kama kawaida ya sanduku lile, na ndani akakuta utando umeharibika: madoa yanayong’aa, matone yaliyoganda, katikati pamelowa kama leso ya mwenye mafua. Kabla hajasema lolote, Mama Mdogo alishaichukua ile foili na kwenda nayo kwa Dobi.

Hapo ndipo tulipo. Dobi amefika kwenye kusema kwamba atahama, Mama Mdogo amefika kwenye kumwambia mlango ni ule, na Binti akatokea ukumbini, taratibu, akifuta mikono kwenye koti lake jeupe.

Hakuuliza nani kafanya nini. Alimwomba mama yake ile foili, akainusa, akaielekeza juani, akaigeuzageuza. Kisha akaniomba mkasi. Akakata kipande kidogo cha katikati na kingine cha pembeni, akasema, “Kaka Dobi, njoo. Mama Mdogo, njoo na wewe. Na wewe Dada Fundi, najua unakuja.”

Tukamfuata chumba cha nyuma. Wengine wangekimbilia kwenye mashine kukagua nyaya. Yeye alikwenda kwenye hadubini yake, akaweka kile kipande, akarekebisha, akatazama muda mrefu bila kupumua kwa sauti. Nimewaona mafundi wengi wakiitazama kazi iliyoharibika, na wengi huitazama kwa hasira. Yeye aliitazama kama unavyomsikiliza mtu anayekusimulia jambo.

Halafu akaanza kusema, jicho bado limebana pale pale. Kama ingekuwa mvuke, uzi ungekuwa na vishimo, kama ngozi iliyopata ndui, kwa sababu unyevu unautulia uzi ukiwa unakauka na kuuachia alama. Hapa hakuna hata kishimo kimoja. Kama uji ungekuwa mwepesi, angeona shanga: uzi mwembamba, shanga, uzi, shanga. Hakuna shanga za namna hiyo. Alichokiona ni nyuzi bapa kama utepe, zimegandana kila zinapopishana, na matone makubwa yaliyodondoka mazima.

“Uzi huu umefika mbichi,” akasema. “Haukupata muda wa kukauka njiani. Kaka Dobi, wewe humo.”

Dobi akaomba aone mwenyewe. Akainama, akatazama, akatoa sauti ya mtu anayejua anachokiona. Akasema hivyo hivyo ndivyo nguo zinavyoshikana ukizikunja hazijakauka. Kisha akanyooka, akajishika kifua, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyetoka rumande. Alitaka kusema mengi, na haki ya kuyasema alikuwa nayo, lakini Mama Mdogo hakuwa anamtazama. Alikuwa anaitazama pampu.

Binti naye akaigeukia. Pampu ile ina kitufe cha kuzungusha, kama cha sauti ya redio, na kitufe kilikuwa kimepita mbali alama nyekundu aliyoichora. Akakitazama. Akamtazama mama yake. Akakirudisha kwenye alama. Mama Mdogo akasema kuna kitu jikoni kitaungua, akatoka.

Mimi nilielewa, Dobi akaelewa, na tukafanya kama watu wawili ambao hawakuelewa.

Saa zilikuwa zimekwenda. Utando mwingine kamili unataka asubuhi nyingine nzima, na Sista alikuwa njiani. Nikamshauri Binti la kifundi: pembeni kuna sehemu safi, tuikate vizuri, tuinyooshe, hiyo ndiyo aoneshwe. Nguo ngapi nimeficha kasoro kwenye pindo na mwenye nguo akacheza nayo harusini. Dobi akaona bora Sista apigiwe simu kwamba kuna msiba. Binti akacheka kidogo, cheko la kichovu, akasema mtu mwenye ngozi iliyoungua hana pindo la kuficha kitu. Basi hodi ikapigwa.

Sista alikuwa mwanamke mfupi, viatu vya bapa, sauti ya chini ambayo unainama kuifuata. Alisalimia kila mtu, akanishika mkono hata mimi nikiwa na pini. Lakini alipoingia chumba cha nyuma hakukaa. Alisema waziwazi kwamba amechoka na mambo haya. Wameshamjia watu na tando zao. Utando wa kwanza huwa kama hariri, roho inafurahi. Akiomba wa pili, analetewa kitu kingine kabisa, na ukiwauliza kwa nini, wanatazamana. “Mimi siwezi kwenda kuijua tofauti hiyo kwenye mgongo wa mtu,” akasema.

Binti akamwonesha kwanza tando za wiki iliyopita, nzuri, zimetulia. Sista akazigusa, akakubali kwa kichwa, uso haujafunguka. Halafu, mbele ya macho yangu, Binti akauchukua ule ulioharibika na kuuweka mezani juu ya zile nzuri.

Nilitamani kumkanyaga mguu.

“Huu umefanywa nini?” Sista akauliza.

“Nyuzi zimefika hazijakauka. Pampu ilisukuma kupita kiasi.”

“Ilisukuma yenyewe?”

Nilivyomsoma Binti usoni, aliliona shimo vizuri kabisa. Akisema pampu ilijisukuma yenyewe, basi mashine haiaminiki, na Sista anafunga mkoba anaondoka. Akisema ukweli, anamvua nguo mama yake mbele ya mgeni, ndani ya nyumba ya mama yake.

“Haikujisukuma,” sauti ikatoka mlangoni. “Ni mimi.”

Mama Mdogo alikuwa amesimama nje ya kizingiti, kitambaa cha jikoni mkononi. Alisema aliingia kufagia, akaona kale katone kanavyojikokota, akakumbuka kwamba mgeni anakuja. Akaona aibu. Kwake yeye mgeni hapimiwi kwa kijiko. Akazungusha ili kitoke kingi, utando uwe mnene, uonekane umetengenezwa na watu wenye moyo. Hakujua kama wingi nao unaharibu. Akasema na mvuke aliouona, sasa akifikiri vizuri, ulikuwa wa sufuria lake mwenyewe. Akamwambia Sista asimhukumu mtoto kwa ujinga wa mzee. Akageuka, akaondoka kwa haraka ya mtu anayetaka kufika mahali kabla ya machozi.

Sista alibaki anautazama mlango. Halafu, kwa mara ya kwanza, akavuta kigoda akakaa.

“Unaweza kuurudia?” akamwuliza Binti. “Si huu mzuri. Huu mbovu.”

Binti akasema anaweza. Akabadilisha foili, akapandisha pampu, akasema kabla ya kuwasha kile watakachokiona: utepe, mgandamano, matone. Akawasha kwa muda mfupi tu, kiraka cha ukubwa wa kiganja. Sista akainama kwenye hadubini na kuona utepe, mgandamano, matone. Binti akashusha pampu, akaweka uji mwepesi, akasema sasa utaona shanga. Zikaonekana shanga. Upande wa pili wa ukuta Dobi, aliyekuwa amebandika sikio, akauliza kwa sauti kama na yeye anahitajika, maana kiberiti kiko tayari. Sista akacheka, akasema awashe. Sijawahi kuona makaa yakikolezwa kwa mapenzi namna ile. Mvuke ulipojaa na dirisha lililo kwenye ukuta huo likafunguliwa, Binti akatengeneza kiraka kingine, na uzi ukatoka na vishimo vyake kama alivyosema, kila kimoja duara safi. Sista alivitazama hivyo muda mrefu kuliko vyote, akasema kwa mgonjwa wa aina fulani huenda hata hivi vikafaa siku moja. Binti akajibu ndiyo, lakini viwe vimeitwa, visije vyenyewe.

Nilidhani imetosha. Sista hakutosheka. Dirisha lilipofungwa na hewa ikakauka, akasimama.

“Geuka utazame ukuta,” akamwambia Binti.

Binti akageuka, kama mtoto anayecheza kombolela. Sista akazunguka mashine, akafikiri, kisha akalegeza skrubu ya bamba na kulisogeza karibu na sindano. Pampu hakuigusa, umeme hakuugusa. Alinitazama mimi akaweka kidole mdomoni, na ninyi mnajua ilivyonigharimu. Kifuniko kikafungwa, mashine ikawashwa na kuzimwa, yeye mwenyewe akarudisha bamba mahali pake, ndipo akamkabidhi Binti foili.

Binti akaitazama kwa macho kwanza, kisha kwa hadubini. Hata mimi nilipochungulia niliona nyuzi bapa, zimegandana, mbichi tupu. Nikajua atasema pampu. Ni sawasawa na za Mama Mdogo.

“Hizi nazo hazikukauka,” akasema pole pole. Akairudia foili kwa macho, akapima kiraka kwa kidole chake. “Lakini hakuna matone. Aliyezisukuma hakuwa na haraka. Na tazama, zimejikusanya, duara dogo, hazikupata nafasi ya kutawanyika.” Akainua uso. “Njia ilikuwa fupi. Umelisogeza bamba.”

Mimi nimekaa na mafundi maisha yangu yote. Nimemwona anayejua cherehani imekosea wapi kwa kusikiliza mlio tu, akiwa chumba cha pili. Lakini kumwona mtu anasoma kitu ambacho jicho halikioni, kilichotokea nyuma ya mgongo wake, na kukisoma bila majigambo, kama anayesoma jina lake kwenye kikombe, hilo nilikuwa sijaliona. Pini zilinidondoka.

Sista hakumsifu. Alifungua mkoba, akatoa bahasha safi, akaweka ndani kipande cha utando mzuri. Kisha akauchukua na ule wa Mama Mdogo, akauweka kwenye bahasha nyingine.

“Jumatatu njoo wodini,” akasema. “Tutaanza kupima maabara, si kwa mgonjwa. Itachukua muda, na nitakusumbua. Huu mbovu naondoka nao. Wale wasichana wangu wajifunze swali la kuuliza.”

Dobi alilisikia hilo kupitia ukutani na akapiga sufuria kama ngoma. Binti yeye alishika meza. Alishukuru kwa sauti ndogo, akaizima mashine, akaangalia huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu chumbani, halafu akatoka.

Nikamfuata mpaka mlangoni, si zaidi, adabu ninayo kidogo. Mama Mdogo alikuwa uani, amekalia ndoo iliyopinduliwa kando ya bomba, anasugua sufuria ambalo lilikuwa limeshatakata zamani. Jikoni kwake wali ulikuwa umeiva, mchuzi umeiva, sahani zimepangwa ndani kwenye mkeka kwa ajili ya mgeni, na mwenyewe amejifukuza nje. Alipoona kivuli cha Binti hakuinua kichwa. Akasema huku anasugua kwamba basi la kwenda kule chuoni huwa linaondoka alfajiri, atamsindikiza, hata mizigo watasaidiana.

Binti akachuchumaa mbele yake. Akamwambia neno la Jumatatu. Mama Mdogo akaendelea kusugua, akapunguza, akaacha. Aliuliza kama Sista alisema hivyo kwa huruma. Binti akasema Sista hana huruma hata chembe, na kwamba ameuchukua utando wake yeye mama, umefungwa kwenye bahasha yake peke yake.

“Ule mbovu?”

“Ule mbovu. Anataka kwenda kuufundishia.”

Mama Mdogo akajifuta uso kwa mkono wenye povu na kujipaka povu lote. Sista alikuwa ameshafika mlangoni kwa Mama Mdogo, anavua viatu vyake vya bapa. Dobi naye anavaa shati kwa haraka, la mteja, nalijua. Nyumba ni ya Mama Mdogo, sufuria ni lake, chakula kapika yeye tangu asubuhi, na bado alikaa pale kwenye ndoo kama mpita njia anayesubiri ruhusa.

Binti akamnyang’anya sufuria, akampa mkono.

“Mama Mdogo,” akasema, “chakula kinapoa. Karibu ndani tule.”